Nani ametumiwa? Kesi ya muuza bitcoin wa Miami Beach

Mwanzoni mwa Desemba 2013, askari kanzu wa polisi ya Miami Beach, jimbo la Florida, Marekani, aliingia mkahawani kukutana na mtu aliyempata kupitia tangazo la mtandaoni. Tangazo lilikuwa kwenye tovuti ya LocalBitcoins, ambako watu walikuwa wakitafutana ili kuuziana ana kwa ana bitcoin, sarafu ya mtandaoni isiyo na serikali nyuma yake. Askari alitoa dola 500 taslimu, muuzaji akamhamishia kipande cha bitcoin kisichofika nusu, wakaagana.

Januari 2014 wakakutana tena, safari hii kwenye duka la aiskrimu. Askari alitaka bitcoin moja kwa dola 1,000. Hapo ndipo, kwa makusudi, alipotia doa biashara ile: alimwambia muuzaji kwamba bitcoin hiyo ni ya kuwalipa Warusi wanaomuuzia namba za kadi za benki zilizoibwa. Muuzaji akauza. Mwezi uliofuata wakaonana mara ya mwisho, kwenye chumba cha hoteli, wakiwa wamepatana mauzo ya dola 30,000. Muuzaji alipoziona noti aliingiwa na wasiwasi kwamba huenda ni bandia. Mauzo hayakufika mwisho, kwa sababu alitiwa mbaroni palepale. Mtego ulikuwa umetegwa na kikosi cha uhalifu wa kielektroniki, polisi wa mji wakishirikiana na Idara ya Upelelezi ya Marekani (Secret Service), ileile inayomlinda rais na kupambana na noti bandia.

Alifunguliwa mashtaka matatu. Mawili yalikuwa ya utakatishaji fedha. La tatu ndilo lililonifanya niandike: kufanya biashara ya kutuma fedha bila leseni ya jimbo. Jina la muuzaji silitaji, maana ni mtu binafsi na jina lake haliongezi kitu kwenye hoja. Linalohitaji kufikiriwa ni hili: mtu akikuuzia kitu chake mwenyewe, ukampa pesa akazitia mfukoni, amemtumia nani pesa?

Msemaji wa Kiswahili hahitaji wakili kulielewa swali hilo. Ukisema "nimetuma pesa," anayekusikia atauliza papo hapo umemtumia nani. Kitenzi chenyewe kinadai mpokeaji. Kesi ya Miami ilichukua miaka mitano kubishania jambo ambalo lugha yetu inalibeba ndani ya neno, na mahakama mbili zilitoa majibu mawili yanayopingana.

Sheria yenyewe

Marekani haina leseni moja ya taifa ya kutuma fedha. Serikali ya shirikisho, kupitia ofisi ya Wizara ya Fedha iitwayo FinCEN, inataka biashara ya namna hiyo ijisajili kwake na ifuate kanuni za kuzuia utakatishaji. Leseni hutolewa na majimbo, kila jimbo kwa sheria yake. Kampuni inayotaka kuhudumia nchi nzima hukusanya leseni jimbo kwa jimbo, na kwa miaka mingi Montana lilisimama peke yake bila sheria ya namna hiyo. Juu ya hapo, kifungu namba 1960 cha sheria ya jinai ya shirikisho kinamfanya anayeendesha biashara hiyo bila leseni inayotakiwa na jimbo lake kuwa mhalifu wa shirikisho pia. Adhabu inafika kifungo cha miaka 5, na mshtakiwa hawezi kujitetea kwa kusema hakujua kama leseni ilitakiwa.

Leseni hizi zilitungwa kwa sababu nzuri, na nataka niliseme hilo mapema kabla sijaanza kulaumu. Mtu anayempa wakala dola 200 amfikishie mama yake anakaa, kwa saa au siku kadhaa, bila pesa na bila uhakika. Pesa ziko kwa mtu mwingine. Wakala akifilisika au akitoroka katikati ya safari, aliyetuma hana pa kushika. Ndiyo maana Florida, kama majimbo mengine, inadai mwenye leseni awe na mtaji wa kutosha, aweke dhamana, na wakati wote awe na mali salama zenye thamani isiyopungua deni analodaiwa na wateja ambao pesa zao bado hazijafika. Wakaguzi huja kukagua vitabu vyake. Ukizisoma kanuni hizo moja baada ya nyingine utaona zote zinamtazama mtu mmoja: anayeshika pesa za mwenzake.

Sura ya 560 ya sheria za Florida, ndiyo yenye leseni hizi, ina vyumba zaidi ya kimoja. Chumba kimoja ni cha watuma fedha na wauzaji wa hati za malipo, kama vile hundi za wasafiri. Kingine ni cha wanaolipa hundi papo kwa papo na wanaobadilisha fedha za kigeni. Watu huwa wanaviruka vyumba hivi wanapoisimulia kesi, nami naona hapo ndipo ufunguo ulipo.

Anayebadilisha fedha za kigeni hamtumii mtu yeyote chochote. Unampa euro, anakupa dola, mnaachana. Ni biashara ya watu wawili, nani ampe nini kwa bei gani, na hakuna wa tatu. Hata hivyo jimbo linamtaka awe na leseni, kwa sababu noti chafu zinaweza kuingia kwake zikiwa za nchi moja na kutoka zikiwa za nchi nyingine. Kwa sura, alichofanya muuzaji wetu mkahawani kinafanana na duka la kubadilisha fedha kuliko kitu kingine chochote: noti upande huu, sarafu nyingine upande ule, faida katikati. Lakini mlango huo ulikuwa umefungwa kwa waendesha mashtaka, maana sheria ilikuwa inazungumzia sarafu za serikali, ya Marekani au ya nchi nyingine. Bitcoin haina serikali. Kwa hiyo shauri likasukumwa chumba cha jirani, cha watuma fedha, likavalishwa nguo ambayo haikushonewa mwili wake.

Jaji Pooler

Julai 2016 Jaji Teresa Pooler wa mahakama ya Miami-Dade alifuta mashtaka yote matatu. Uamuzi wake ulisambaa dunia nzima kwa sababu ya sentensi moja: kwamba yeye si mtaalamu wa uchumi, lakini hata mwenye ujuzi mdogo anaona bitcoin ina safari ndefu kabla ya kuwa sawa na pesa. Alieleza kwamba thamani yake inayumba mno, kwamba haina mamlaka inayoisimamia, na kwamba haiwezi kufichwa chini ya godoro kama noti au vipande vya dhahabu. Wapenzi wa bitcoin wakashangilia. Magazeti yakaandika kwamba jaji amesema bitcoin si pesa, na hadithi ikaishia hapo.

Nafikiri sehemu hiyo ndiyo dhaifu kuliko zote katika uamuzi wake. Sheria ya Florida haikuuliza kama kitu ni pesa. Ilitaja sarafu, hati za malipo, na kitu kilichoitwa "thamani ya kifedha," ambacho ilikieleza kuwa ni njia ya kubadilishana, iwe inaweza kurudishwa kuwa sarafu au isiwe. Maneno hayo ni mapana mno. Kitu ambacho watu wanakubaliana kukipokea badala ya bidhaa kinaingia humo bila kusukumwa, na mwaka 2013 bitcoin ilikuwa tayari inapokelewa na wafanyabiashara wengi. Miaka miwili kabla ya Pooler, Agosti 2014, Jaji Jed Rakoff wa mahakama ya shirikisho ya New York alikuwa ameshaamua, chini ya kifungu cha 1960, kwamba bitcoin inaingia katika maana ya pesa au fedha. Ukimpeleka mteja wako vitani kwa silaha ya "bitcoin si pesa," ujue umeshika panga butu.

Hoja yake ya pili ndiyo iliyokuwa na nguvu, na haikupata vichwa vya habari. Sheria ilimweleza mtuma fedha kuwa ni yule anayepokea sarafu, thamani ya kifedha au hati za malipo kwa lengo la kuvituma hivyohivyo alivyopokea, kwa njia yoyote. Zisome tena dola 500 za mkahawani kwa maneno hayo. Muuzaji alizipokea, ndiyo. Je, alizipokea ili azitume? Hapana, zilikuwa zake tangu dakika ile. Alichokihamisha kilikuwa kitu kingine, bitcoin, ambacho hakukipokea kutoka kwa askari bali alikuwa nacho tangu mwanzo. Pooler alisema mtuma fedha ni mtu wa kati: anachukua kwa huyu na kufikisha kwa yule, kwa agizo la huyu wa kwanza. Muuzaji hakuwa katikati ya watu wowote. Alinunua kwa bei ya chini, akauza kwa bei ya juu.

Kuhusu mashtaka ya utakatishaji, jaji akaongeza kwamba hayuko tayari kumwadhibu mtu kwa kuuza mali yake chini ya sheria iliyoandikwa kwa namna ambayo hata wanasheria wanashindwa kukubaliana maana yake. Hili ni jambo zito katika sheria ya jinai. Nalo kosa la leseni lilikuwa la daraja la tatu, linalohusu miamala inayozidi dola 300 na isiyofika dola 20,000 katika miezi 12. Maana yake ni kwamba kizingiti cha kuwa mhalifu kilikuwa chini ya thamani ya mauzo yale ya kwanza kabisa.

Rufaa

Jimbo lilikata rufaa. Wakati shauri linasubiri, Bunge la Florida lilifanya marekebisho ya sheria ya utakatishaji fedha, likaiingiza sarafu ya mtandaoni kwa jina, kuanzia Julai 2017. Ziba ufa usijenge ukuta, ndivyo walivyofikiri. Sura ya 560 hawakuigusa, na ufa wa upande huo ukaachwa kwa mahakama.

Januari 30, 2019, Mahakama ya Rufaa ya Wilaya ya Tatu iliutengua uamuzi wa Pooler na kuyarudisha mashtaka yote. Kuhusu leseni ilisema mambo mawili. Bitcoin ni thamani ya kifedha kwa tafsiri ya sheria, kwa hiyo anayeiuza ni muuzaji wa hati za malipo. Na muuzaji huyu alikuwa pia mtuma fedha, kwa sababu sheria ya Florida haidai kuwepo kwa mtu wa tatu.

Hoja ya mtu wa tatu waliijibu kwa kulinganisha maandishi. Kanuni ya shirikisho inamtaja anayepokea na kutuma "kwenda mahali pengine au kwa mtu mwingine." Sheria ya Florida haikuwa na maneno hayo. Kama watunga sheria wangetaka mtu wa tatu, wangemwandika, na mahakama haina ruhusa ya kuongeza maneno ambayo Bunge halikuyaweka. Ni hoja safi kimaandishi. Siwezi kusema majaji wale walikuwa wazembe, kwani walifanya kazi ambayo majaji huapa kuifanya.

Tatizo ni kilichobaki mkononi baada ya kusoma hivyo. Ikiwa kutuma hakuhitaji wa kutumiwa mwingine, basi kila anayepokea noti na kumkabidhi mnunuzi kitu chenye thamani ya kifedha ametuma. Kitenzi kinapoteza uti wa mgongo. Na lile neno "hivyohivyo" linabaki linaning'inia, kwa sababu dola zilizopokelewa hazikwenda kokote. Mahakama iliegemea zaidi kwenye sura ya biashara: tangazo la wazi mtandaoni, mauzo zaidi ya moja, nia ya faida. Hayo yote yanathibitisha kwamba mtu alikuwa anafanya biashara. Hayaelezi ni biashara gani.

Nililisoma pia upande wa polisi kwa uzito unaostahili. Askari alisema wazi kwamba anawalipa wezi wa kadi, na muuzaji akaendelea kuuza. Jimbo lina haki ya kumshtaki mtu kwa hilo, tena kwa ukali, na sheria ya utakatishaji ipo kwa kazi hiyo. Lakini shtaka la leseni halikumhitaji Mrusi wala kadi iliyoibwa. Lingeweza kusimama kwenye dola 500 za mkahawani, kabla neno lolote chafu halijasemwa. Kwa tafsiri ya 2019, mtu aliyemuuzia mwenzake bitcoin kwa tangazo, akiwa msafi kabisa, alikuwa amesimama kwenye kosa lilelile. Na ili asiwe mhalifu alitakiwa awe na mtaji na dhamana vilivyopimwa kwa ajili ya kampuni inayobeba mishahara ya maelfu ya watu kuvuka mipaka. Dhamana hiyo ingemlinda nani? Mnunuzi alikuwa ameshapata bitcoin yake kabla hajanyanyuka kwenye kiti.

Texas, kitendo kilekile

Ukitaka kuona jinsi ilivyokuwa bahati ya mtu kuzaliwa jimbo gani, tazama Texas. Aprili 2014, miezi miwili tu baada ya kukamatwa kwa muuzaji wa Miami Beach, Idara ya Benki ya Texas ilitoa waraka wa usimamizi namba 1037. Ulisema kwamba sarafu ya mtandaoni isiyo na mamlaka nyuma yake si pesa kwa sheria ya jimbo, kwa hiyo kuibadilisha na dola baina ya watu wawili ni kuuza bidhaa, wala si kutuma fedha wala kubadilisha fedha za kigeni. Ila akiingia mtu wa kati, anayepokea dola za mnunuzi, akazishika, kisha akazifikisha kwa muuzaji, huyo ni mtuma fedha na leseni inamhusu.

Mstari umechorwa palepale pesa za mtu mmoja zinapokaa mikononi mwa mwingine. Idara haikuhitaji kubishana kuhusu godoro wala mustakabali wa uchumi. Ilijiuliza leseni inamlinda nani, ikajibu, ikauchapisha waraka ili watu wajue kabla hawajakamatwa. Namna hii ya kusimamia naithamini kuliko ukali wowote. Mfanyabiashara mdogo anaweza kuusoma waraka ule jioni moja akajua kesho afungue au asifungue.

New York ilikwenda njia ya tatu: mwaka 2015 ilianzisha leseni mahsusi kwa biashara za sarafu za mtandaoni, peke yake, ikiwa na masharti mazito. Unaweza kuilaumu kwa uzito huo, lakini angalau nguo ilishonwa upya kwa mwili uliopo.

Florida inabadilisha maneno

Mwaka 2022 Bunge la Florida hatimaye liliigusa sura ya 560. Marekebisho yalianza kutumika Januari 1, 2023. Sarafu ya mtandaoni ikapewa tafsiri yake. Na mtuma fedha akaelezwa upya: ni anayepokea kwa lengo la kuwa mtu wa kati, anayetuma kutoka kwa mtu mmoja kwenda mahali pengine au kwa mtu mwingine. Wakaongeza kwamba mtu wa kati anayehusika ni yule tu mwenye uwezo wa kutekeleza muamala kwa uamuzi wake peke yake, au kuuzuia bila kikomo.

Soma maneno hayo ukiwa na hukumu ya 2019 pembeni. "Mahali pengine au mtu mwingine" ndiyo maneno ambayo majaji walisema hayamo. Sasa yamo. Kile kipimo cha uwezo wa kutekeleza au kuzuia kinatazama nani ameshika funguo, na kinamwacha nje mtu anayetengeneza programu ya pochi, yaani ya kuhifadhia sarafu hizo, lakini hawezi kugusa sarafu za mtumiaji. Baada ya miaka 8 Florida ilifika pale Texas ilipokuwa imesimama tangu 2014: muamala wa watu wawili hauhitaji leseni ya mtuma fedha.

Tuwarudishe watu wetu wawili kwenye meza ya mkahawa, chini ya sheria mpya. Muuzaji wa sarafu yake mwenyewe si mtu wa kati, kwa hiyo jimbo halimdai leseni hiyo. FinCEN bado inamdai usajili. Mwongozo wake wa Machi 18, 2013, uliotoka miezi kadhaa kabla ya mauzo yale ya kwanza, unamhesabu anayefanya biashara ya kubadilishana dola na sarafu ya mtandaoni kuwa mtuma fedha, na hapo haijalishi kwamba anauza akiba yake. Anatakiwa ajisajili ndani ya siku 180 tangu aanze, afanye upya kila baada ya miaka miwili, atoe taarifa ya muamala wowote wa kutia shaka wa kuanzia dola 2,000, na ripoti ya taslimu zinazozidi 10,000 kwa siku kutoka kwa mtu mmoja.

Na mnunuzi akitamka neno kuhusu kadi zilizoibwa, kama alivyotamka yule askari kwenye duka la aiskrimu, muuzaji anatakiwa anyanyuke aondoke. Sheria ya utakatishaji ya Florida, ile iliyorekebishwa 2017, inaitaja sarafu ya mtandaoni kwa jina, na haiulizi kama una leseni.